Ngoma ya Mkono na Ngoma ya Mashine

Lugha yetu ina neno moja kwa vitu vitatu. Gogo lililochimbwa na kuwambwa ngozi huitwa ngoma. Mchezo uchezwao kwa gogo hilo huitwa ngoma. Na watu wapitao njiani usiku kwenda kuutazama mchezo huo, wakiulizwa waendako, hujibu kuwa wanakwenda ngomani. Sidhani kuwa wahenga walipungukiwa na maneno. Nadhani hawakupata kuona moja la mambo hayo likitokea bila ya mawili mengine, basi hawakuona haja ya kuyapa majina mbalimbali. Wewe, msomaji, umezaliwa katika zama ambazo haja hiyo imetokea. Leo waweza kuketi peke yako chumbani, mlango umefungwa, ukagusa kioo cha simu kwa kidole, ukasikia ngoma isiyo na gogo, isiyo na ngozi, isiyo na mchezo wala mkutano wa watu. Juu ya ngoma hiyo ndipo nitakapo kuzungumza nawe.

Mimi ni mwalimu wa shule. Nilijifunza kazi yangu katika chuo cha ualimu, na umri wangu umepita miaka thelathini. Nyumba yangu iko Matondoni, upande wa magharibi wa kisiwa cha Lamu, mwendo wa saa mbili hivi kwa miguu kutoka mjini, au mfupi zaidi kwa mashua kama maji yamejaa. Matondoni ni mji mdogo ambao umejulikana kwa kazi mbili: uundaji wa majahazi na usukaji wa mikeka. Ukishuka pwani asubuhi utasikia tezo zikichonga mbao. Na siku ya kukalafati chombo, mafundi wapigapo pamba katika nafasi za mbao, nyundo zao hupokezana, moja ikijibu nyingine, hata mpita njia akajikuta anatembea kwa kuzifuata. Mtoto aliyekulia pahali kama hapa hahitaji mwalimu wa kumwambia maana ya mdundo.

Ngoma za visiwa hivi ni nyingi. Iko goma, ambayo wanaume huicheza kwa safu, na bakora mkononi, kwa utulivu ambao mgeni huweza kuudhania kuwa ni uchovu. Iko kirumbizi, mchezo wa fimbo. Iko vugo ya arusi, ambayo wanawake huimba huku wakipiga pembe za nyati kwa vijiti. Vyombo vyake ni chapuo, vumi, msondo, upatu na zumari. Na kila mwaka, wakati wa Maulidi ya Msikiti wa Riyadha, ulioasisiwa na Habib Saleh mjini Lamu, matari hupigwa kwa safu ndefu za watu, na kusikilizwa na wageni waliotoka mbali sana.

Sasa katika mji huo wenye mapigo mengi kiasi hicho, vijana wangu huimba juu ya ngoma ya mashine. Hununua simu kabla ya kununua viatu vizuri. Hupata kompyuta iliyokwisha tumika, hutia ndani yake programu ya kutengenezea muziki, hutundika blanketi dirishani, na hapo chumba cha kulala kimekuwa nyumba ya kunasia sauti. Wimbo hutungwa Ijumaa, na Jumapili umekwisha fika katika simu za marafiki Mombasa na Muscat.

Usinifahamu vibaya ukadhani kuwa nalaani. Watu wa pwani wamekuwa wakinasa muziki majumbani tangu zamani. Kaseti, ambayo kampuni ya Philips ya Uholanzi iliionyesha ulimwengu mwaka 1963, haikukawia kufika katika arusi zetu. Aliyekuwa na redio ya kunasia aliiweka mbele ya waimbaji, akabonyeza, akanyamaza. Kaseti hizo zilinakiliwa, zikanakiliwa tena, zikauzwa madukani Mombasa na kuchukuliwa hata Arabuni. Wengi katika wazee wetu walimjua Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu na bingwa wa udi aliyefariki mwaka 2016, kwa njia hiyo kwanza. Sauti ya kaseti ilikuwa mbovu, lakini ilikuwa na sifa moja: ilinasa kila kitu kwa pamoja. Mwimbaji, dumbaki, vigelegele, kikohozi cha mtu wa mstari wa mbele, vyote vilikuwamo. Ndivyo ilivyokuwa pia mwaka 1928, Siti binti Saad aliposafiri na wenziwe kutoka Unguja kwenda Bombay kuimba katika santuri. Walipiga na kuimba wakati mmoja katika chumba kimoja. Mpiga ngoma akikosea, wote walirudia.

Mashine haikumfukuza mpiga ngoma siku moja. Kwanza mafundi walipata njia ya kunasa kila chombo peke yake, kisha kuviunganisha baadaye. Hapo mpiga ngoma akatengwa na mwimbaji. Alipiga leo, na mwimbaji akaimba kesho juu ya mapigo yake, bila ya kuonana naye. Mtu aliyekwisha kutengwa hivyo ni rahisi kumbadilisha kwa kitu kingine, maana kiti chake hakitazamwi tena na mtu.

Kitu hicho kilikuwa kikitafutwa kwa muda mrefu. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Mrusi Leon Theremin alitengeneza, kwa ajili ya mtunzi wa Kimarekani Henry Cowell, mtambo wa kutoa midundo uitwao Rhythmicon. Mwaka 1959 kampuni ya Wurlitzer ya Marekani iliuza kabati ya kuwekwa karibu na kinanda, yenye vifungo vya rumba, valsi na midundo mingineyo. Mwaka 1980 zilitoka mashine mbili ambazo wajukuu wake wamo katika simu yako. Moja, LM-1 ya Roger Linn, ilitunza sauti za ngoma halisi zilizopigwa na mtu na kunaswa. Ya pili, TR-808 ya kampuni ya Roland ya Japani, haikuwa na ngoma halisi ndani yake hata moja; sauti zake zote zilibuniwa kwa umeme. Watu wengi hawakuipenda TR-808 kwa kuwa ngoma zake hazikufanana na ngoma, na miaka mitatu baadaye kampuni ikaacha kuitengeneza. Zile zilizokuwapo zikauzwa kwa bei ndogo. Basi vijana wasio na fedha wakazinunua, na kwa mikono yao mashine iliyodharauliwa ikapata sifa kubwa kuliko nyingine zote. Nakusimulia jambo hili makusudi, ili usije ukaamini wakikuambia kuwa kila kitokacho katika mashine hakina maisha. Maisha hutiwa na mtumiaji.

Kwetu Afrika ya Mashariki mabadiliko makubwa yalionekana katika taarabu. Vikundi vikongwe vya Unguja, kama Ikhwani Safaa kilichoanza mwaka 1905, vilikuwa na fidla, kanuni, udi, nai, akodioni na wapigaji wa dumbaki na rika. Kikundi kama hicho kikialikwa safari, mwalikaji huhesabu nauli na vinywa vya kulishwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vikaibuka vikundi kama East African Melody, vyenye vinanda vya umeme, gitaa na midundo ya mashine. Watu wachache walitosha, sauti ilijaa ukumbi, na wanawake wakainuka kucheza, jambo ambalo taarabu ya kukaa kitini haikulizoea. Wapo waliosema taarabu imekufa. Mimi nadhani ilipata jambo na ikapoteza jambo, na waliopoteza zaidi ni watu wawili au watatu waliokuwa wakikaa nyuma na dumbaki mapajani.

Niruhusu sasa niitetee mashine kwa haki, maana wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, nami nisingependa kuivutia kwangu mno. Mashine hailali. Kijana anayetaka kujifunza kuimba saa tano za usiku hawezi kumgongea mlango mpiga msondo. Mashine haidai fedha, haina arusi nyingine ya kwenda, haikasiriki ukiimba vibaya mara arobaini. Mtu anayejifunza kinanda au udi peke yake, akiwa na mdundo wa mashine masikioni, hugundua haraka kuwa anakimbia katika sehemu rahisi na kuburura miguu katika sehemu ngumu. Zaidi ya hayo, baadhi ya wanafunzi wangu wa kike wana sauti nzuri, lakini hawakuweza kukaa chumbani na wapigaji wanaume mpaka usiku ili kutengeneza wimbo, wala nyumba zao hazikuwapa ruhusa hiyo. Kwa ajili ya mashine wameweza kuimba pamoja na dada zao, mlango umefungwa, na nyimbo zao zimesikiwa na shangazi zao. Mtu atakayeitukana mashine mbele yangu ataeleza kwanza atawapa wasichana hao nini badala yake.

Lakini mashine ina tabia mbili ambazo yafaa uzijue kabla ya kuikabidhi wimbo wako.

Ya kwanza ni kwamba inapofunguliwa huwa imekwisha kukuchagulia njia. Programu nyingi za muziki hukuonyesha kioo chenye visanduku kumi na sita vilivyopangwa kwa manne manne. Ni mpango wa kufaa sana kwa muziki wa dansi wa Ulaya na Marekani. Chakacha yetu haikupangwa hivyo. Wala kumbwaya, mdundo uliotoka katika ngoma za pepo ukaingia katika taarabu. Mapigo yake huenda kwa matatu matatu, na mara nyingi mkono mmoja huhesabu matatu wakati mwingine unahesabu mawili. Kazi hiyo mashine yaiweza pia, ukiiamuru. Lakini kijana wa miaka kumi na sita hajui kuwa yuko amri wa kuamuriwa. Ameona visanduku kumi na sita, akajaza visanduku kumi na sita. Nimesikia wimbo wa vugo, maneno yake ya Kiamu safi, umenyooshwa mpaka ukawa kama nyimbo zote zitokazo Dar es Salaam na Nairobi. Mwimbaji hakuamua kuuacha mdundo wa nyanya zake. Hakuna aliyemuuliza.

Ya pili ndiyo kubwa zaidi: mashine haisikilizi.

Hapa sina budi kukueleza jambo lililotokea katika mji wetu. Yuko mzee mmoja mpiga msondo, ambaye sitamtaja jina kwa kuwa hapendi. Kijana mmoja niliyemfundisha alimwendea jioni moja, kwa adabu, akamwomba apige kidogo ili amnase kwa simu. Mzee akapiga kwa muda wa nusu saa, wakanywa kahawa, wakaagana. Kijana akakata kipande kidogo, mizunguko miwili tu ya mdundo, akakiamuru kompyuta ikirudie bila ya mwisho. Kilikuwa kipande kizuri, kizito, chenye mvumo wa kweli wa gogo. Akakitumia katika wimbo mmoja, wimbo ukapendwa. Akakitumia katika wa pili na wa tatu. Rafiki zake wakamwomba, akawapa. Kabla ya mwaka kwisha mkono wa mzee ulikuwa ukisikika katika vipaza sauti vya arusi nyingi za kisiwa hiki, naye mzee mwenyewe, ambaye zamani angeitwa kupiga, alikuwa ameketi barazani na waalikwa wengine akingoja biriani.

Nilikuwa nimeketi karibu naye katika arusi mojawapo. Wimbo ulipoanza alitikisa kichwa, akacheka kidogo. Nikamwuliza, “Mzee, si wewe huyo?” Akajibu, “Mkono ni wangu, mwalimu, lakini masikio si yangu.” Nikamwomba anieleze. Akaniambia nitazame. Bibi arusi alikuwa akiingia, watu wamesimama, wanawake wamepiga vigelegele, na mdundo ukaendelea vile vile kama maji ya bomba. “Mimi,” akasema, “hapo ningeinyamazisha ngoma kidogo, apite, halafu ndiyo niipige.” Hakuwa na hasira juu ya fedha, ijapokuwa fedha alistahili. Uchungu wake ulikuwa ni kuonekana kuwa amekuwapo, akapiga, na hakumwona bibi arusi.

Maneno yale yalinikaa. Baadaye nilimwomba mzee na kijana wakubali kukutana nyumbani kwangu, mmoja apige na mwingine aimbe, kwa wakati mmoja, nami niwanase. Tukaitazama sauti hiyo katika kompyuta, ambayo huonyesha kila pigo kama kilima kidogo. Mwendo ulikuwa karibu mapigo makuu 120 kwa dakika, yaani nusu sekunde kwa kila pigo kuu. Mashine ikipewa nusu sekunde huigawa sawasawa. Ikigawa mara tatu, pigo dogo la mwisho huanguka baada ya sehemu 333 katika 1000 za sekunde. Ikigawa mara nne, baada ya sehemu 375. Pigo la mzee halikuanguka hapa wala pale. Lilitembea katikati. Kijana alipovuta sauti ndefu, lilisogea karibu na 333, kana kwamba ngoma inampumzikia. Alipoyatupa maneno kwa haraka, lilisogea upande wa 375. Nilimpima mtu mmoja, katika ngoma moja, usiku mmoja, nami siifanyi kuwa kanuni. Hata hivyo kijana aliyatazama mawimbi yale kwa muda mrefu bila ya kusema neno, kisha akauliza, “Mzee, ulijuaje kuwa nitavuta hapo?” Mzee akajibu kuwa alimwona akivuta pumzi.

Utaniambia kuwa mashine zaweza kufundishwa kusogeza mapigo; na ni kweli. Hata LM-1 ya mwaka 1980 ilikuwa na njia ya kuchelewesha mapigo madogo ili mdundo upate kuyumba. Lakini mwendo huo wa kuyumba huchaguliwa kabla ya wimbo kuanza, na mkono wa mtu huchagua ndani ya wimbo, kwa kuangalia pumzi ya mwenzake. Labda siku moja mashine itaangalia pumzi. Ikifika siku hiyo nitaandika insha nyingine.

Na lile deni la mzee je? Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 haiwalindi watunzi peke yao. Yawatambua pia wanaoimba na wanaopiga, na yataka ridhaa yao kabla ya kunaswa na kutumiwa. Mzee aliridhia kunaswa jioni moja. Hakuridhia kugeuzwa kuwa kifaa cha kila mtu. Simwiti kijana mwizi, kwa kuwa hakuficha neno, na wala hakujua kuwa mizunguko miwili ya ngoma ni mali. Wengi wetu tulifundishwa kuwa shairi ni la mtunzi wake. Nani alitufundisha kuwa pigo nalo lina mwenyewe? Walikaa wawili hao mbele ya watu wazima wawili, wakapatana. Katika kila arusi ambayo kijana alipwa na kipande kile kikatumika, mzee apata fungu. Jina lake litajwe kwa waalikwa, na hapo nikacheka, maana ndiyo sharti alilolipunguza mwenyewe, akataka itajwe kazi ya baba yake aliyemfundisha. Marafiki waliopewa kipande bure wameambiwa. Wawili wameitikia, mmoja hajajibu simu.

Kama wewe nawe, msomaji, wataka kunasa ngoma ya mkono nyumbani, usikubali kukatishwa tamaa na jaribio la kwanza, kwa kuwa hakika litakuwa baya. Simu iliyowekwa mbele ya ngoma hulemewa, na sauti huvunjika kama bati. Isogeze hatua mbili au tatu, na uiweke upande kuliko mbele. Nyumba ya mawe ya matumbawe ina mwangwi mwingi. Chumba cha makuti ni bora kuliko kile cha mawe. Watu wa Matondoni hukimbilia kutundika mikeka ukutani, nami naipenda mikeka yetu, lakini ni myembamba. Godoro moja lililosimamishwa hufanya kazi ya mikeka kumi. Msubiri punda anyamaze. Ngozi iliyolegea iote moto wa makuti makavu kwanza, kwa mbali, na apashe mwenye ngoma mwenyewe, kwani ngozi iliyoungua haina dawa. Na lililo muhimu kuliko yote, usiwatenge: mwimbaji na akae mahali ambapo mpigaji aweza kumwona uso. Ukiwa na mashine, itumie kwa mazoezi ya wiki nzima, hata sauti yako isimame vizuri, kisha siku ya kunasa uizime.

Kijana na mzee wameanza kazi ya nyimbo tatu. Wa kwanza una ngoma ya mashine peke yake, kwa kuwa kijana alishikilia, na mzee, baada ya kuusikiliza mara mbili, alisema haumhitaji. Wa pili una mashine chini na msondo juu, nao haujanipendeza sana. Viwili hivyo vyasukumana, na mmoja hakubali kumpisha mwenzake. Wa tatu ni wa vugo, kwa pembe na msondo tu, na bibi wawili wapigaji wa pembe wamekwisha kutoa neno lao. Huo haujanaswa bado. Mzee asema tungoje masika yapite, maana hewa ina maji na ngozi hailii sawasawa.